Kanda Niliyoifuta Mwenyewe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sihitaji kujisumbua kuikumbuka, kwa sababu haijawahi kuniacha. Ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana inakaribia, nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, nimevaa sketi ya kijivu niliyoshonewa Mwatate, kalamu mkononi. Kwa kalamu hiyo niliandika neno moja kwenye karatasi, na neno hilo ndilo nataka kukusimulia leo. Kaa vizuri. Mimi si mtu wa kufupisha mambo, na hili nimelificha muda mrefu mno, siwezi kulisema mbiombio.

Naitwa Wawuda. Nilizaliwa Mwatate, na sasa nakaa hapa Voi, nyuma ya stesheni ya zamani ya reli. Ukinikuta sokoni nikibishana na wauza nyanya utadhani sijawahi kutoka nje ya mji huu. Lakini ujanani nilifanya kazi Nairobi, katika kituo cha televisheni, miaka ile ambayo picha hazikuwa na rangi na televisheni yenyewe ilikuwa kabati la mbao lenye miguu minne. Sikuwa mtangazaji, usinikweze bure. Nilikuwa karani wa chumba cha kanda.

Kanda za siku hizo hazikuwa vitu vya kutia mfukoni. Kila moja ilikuwa na upana wa vidole vitatu, imezungushwa kwenye gurudumu kubwa kama sinia, na kuinyanyua kulitaka mikono miwili. Zilitoka ng'ambo na zilikuwa chache. Kwa hiyo kipindi kikisharushwa hewani, kanda yake ilifutwa ili irekodiwe kipindi kingine. Kila wiki nilipewa orodha, na mbele ya kila kipindi niliandika neno moja kati ya mawili: weka, au futa. Iliyoandikwa futa ilipelekwa kwenye mashine ya sumaku, ikazungushwa mara mbili tatu, basi. Sura za watu na sauti zao zikaondoka, kanda ikabaki tupu, tayari kwa hotuba ya mkubwa fulani au mechi ya mpira. Hakuna aliyeona ubaya. Tulijiona watu wa akili, wasiopoteza mali ya ofisi.

Mkubwa wangu alikuwa Mzee Athmani. Alikuwa Mswahili ambaye wazee wake walitoka pwani wakafanya makao hapa Voi, mtu wa kofia safi na maneno machache. Alinifundisha kazi yote, hata namna ya kuishika kanda bila kuiachia alama za vidole, na hakuwahi kunipandishia sauti hata siku nilipoangusha chai juu ya daftari lake. Nakuomba umweke mzee huyu akilini, kwa sababu nilimfanyia jambo baya.

Na nilikuwa na dada, Saru, aliyenitangulia kwa miaka mitatu. Saru aliimba. Alianzia kwaya ya kanisa letu, kisha akakutana na vijana wa mashamba ya mkonge waliokuwa na magita mawili na ngoma, akaanza kuimba nao Jumamosi, watu wakilewa na kucheza. Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa. Aliona aibu mpaka akakataza jina la Saru lisitajwe mezani. Dada akafunga mzigo wake akanifuata Nairobi, mgongoni amembeba mtoto wa miezi tisa, Mghoi, ambaye babake hakujitokeza hata kuuliza mtoto anafananaje.

Tulikaa watatu katika chumba kimoja. Siku moja kituo chetu kikatafuta waimbaji chipukizi kwa kipindi cha jioni, nikamtaja dada yangu. Akaja na gita la kuazima. Aliimba wimbo mmoja tu, kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, aliotunga mwenyewe, juu ya mtu anayetembea kwa miguu kutoka Mraru kurudi nyumbani bila kujua kama atafunguliwa mlango. Nilisimama nyuma ya kamera na nikamwona akiimba. Kamera zile zilikuwa kubwa, na mpiga picha alihitaji mtu wa kumshikia nyaya asijikwae. Wimbo ulipoisha, hata yule mshika nyaya alisahau kazi yake. Kipindi kikarushwa mara moja. Nyumbani hakuna aliyekiona, maana Mwatate nzima sikujua nyumba yenye televisheni.

Sasa ngoja nikuambie ujinga wangu.

Wiki chache baadaye, Saru aliniachia mtoto siku ya Ijumaa akaenda kuimba mji mwingine. Alisema atarudi Jumamosi. Alirudi Jumanne. Jumatatu nilikosa kwenda kazini, nikiwa ndani na mtoto anayeota meno na kulia, na Jumanne, nilipomwachia jirani mtoto nikaenda, meneja wa utumishi akaniita akaniambia kwamba bado niko kwenye majaribio, na kwamba wasichana wanaotaka kazi yangu wamejaa nje. Saru alipoingia anacheka, na mkononi ana mkate wa kunituliza, sikumjibu salamu. Tukakaa bila kusemeshana Jumanne, Jumatano, mpaka Alhamisi asubuhi nikatoka bila kumuaga.

Alhamisi hiyo ndipo orodha ilipoletwa. Mstari wa nane ulikuwa kipindi kile cha waimbaji chipukizi.

Mzee Athmani aliuona kabla yangu. Akauwekea kidole. "Hii ya dadako nakuachia wewe," akasema. "Ukiandika weka, mimi n'tatia sahihi. Hapana atakayeuliza."

Nikaandika futa.

Akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi. "Una hasira," akasema.

"Sina hasira, Mzee. Kazi ni kazi. Nisije nikaambiwa naweka vitu vya jamaa zangu."

"Hasira zako ni za wiki hii, Wawuda. Kanda hii haina mwenzake duniani. Nenda ukanywe chai, ukirudi uandike upya."

"Atarekodiwa tena," nikasema. "Ana miaka ishirini na minne tu. Ataimba hapa mara mia."

Hakunisihi zaidi. Alitia sahihi polepole kama mtu anayesaini barua ya msiba, akatoka kwenda kuswali. Nami nikaibeba ile kanda kwa mikono miwili, nikaiweka kwenye sumaku, nikabonyeza. Sikuicheza kwanza nione nafuta nini. Ilichukua muda mfupi kuliko kusema sala ya Baba Yetu. Kusema kweli, mwanangu, nilijisikia vizuri. Nilijisikia nimemtandika kofi bila yeye kujua, na jioni nikarudi nyumbani nikamsalimia, tukala ule mkate ambao ulishakauka.

Saru alikufa miezi minne baadaye, kwa homa ya siku tano. Tulimleta Mwatate kwa treni mpaka Voi, kisha kwa lori. Kaburini baba yangu, yule aliyekataza jina lake, alisimama pembeni akiwa ameshika kofia, na watu walipoanza kuondoka akanivuta mkono.

"Wawuda," akasema, "nasikia aliwahi kuonyeshwa kwenye televisheni. Ile picha inaweza kuletwa? Tutatafuta mahali pa kuitazamia. Hata kama ni Mombasa, nitaenda."

Ukiniuliza ni wakati gani nilipaswa kusema kweli, ni pale. Lakini niliyatazama macho yake nikaogopa. Nikasema, "Waliifuta, baba. Mzee Athmani aliamuru. Mimi nililia, lakini hakusikia."

Baba alitikisa kichwa mara nyingi. Hakuuliza tena mpaka alipokufa.

Hivyo ndivyo uongo wangu ulivyozaliwa, na kwa kuwa ulimtuliza baba, nikamlisha nao mtoto. Nilimlea Mghoi kama wangu. Mwenyewe sikuzaa. Alianza kuniita mama kabla hajajua kutembea. Alipofika umri wa kuuliza mamake alikuwa na sauti gani, nilimsimulia juu ya studio, kamera, ule wimbo, na mzee wa pwani mwenye moyo mgumu aliyeufuta. Nilikuwa msimulizi hodari. Kila mwaka nilimwongezea Mzee Athmani ubaya kidogo, mpaka mwishoni alikuwa anacheka wakati mimi nimepiga magoti. Na yule mzee wa watu alikuwa amestaafu zamani, amerudi hapa hapa Voi, amekufa, amezikwa. Sikwenda hata kwenye tanga lake. Nilisema nina mafua.

Miaka ikaenda. Mghoi akawa mwalimu Mwatate, akaolewa, sasa watoto wake ni wakubwa. Mimi nikadhani nitaingia kaburini na siri yangu, mambo yaishe.

Mwaka jana wakaja watu wa sinema.

Kiongozi wao alikuwa kijana aitwaye Baraka, mwenye kipini sikioni na adabu nyingi kuliko nilivyotarajia. Alikuwa anatengeneza filamu ya miaka ile ya zamani, juu ya msichana wa milimani anayeimba. Habari za Saru alizipata kwa mzee mmoja wa Mwatate aliyekuwa akipiga gita kwenye bendi ya mkonge, naye akamwelekeza kwa Mghoi. Mghoi akamweleza yote, kama alivyoelezwa na mimi. Katika filamu wakambadilisha jina, lakini alikuwa dada yangu tu.

Walikodi ghala kubwa karibu na stesheni, wakajenga ndani yake studio ya zamani. Mimi nikaitwa kuwaelekeza. Nakubali kwamba nilifurahi. Mzee akiitwa na vijana kuulizwa mambo hujiona amerudishiwa meno. Walikuwa wamepata kamera tatu kubwa za zamani, maganda matupu, ndani hamna kitu hata sisimizi. Nikawaonyesha mpiga picha alisimamaje na mshika nyaya alipita wapi. Televisheni walichukua yangu, lile kabati la miguu minne nililouziwa na ofisi walipoleta mpya. Wakaitoa matumbo yote, wakatia ndani kioo chembamba cha kisasa kinachoonyesha picha walizozipiga wenyewe na kuzitoa rangi. Walipoiwasha, picha ikatokea papo hapo, nikawakemea.

"Hamkuiona televisheni nyinyi," nikasema. "Ile ilikuwa inangojwa. Unaiwasha, inavuma, unakaa, balbu zake zinapata moto, ndipo picha inaanza kutokea katikati na kupanuka."

"Nyanya, hiyo tutairekebisha," Baraka akasema. "Kesho utakuta inavuma mpaka utaomba tuizime."

Na kweli kesho yake ilivuma. Siku hiyo Mghoi alikuja kutazama, tukawekewa viti viwili pamoja. Televisheni ikawashwa, tukangoja, na taratibu akatokea msichana mwenye gita, bila rangi, anaimba wimbo waliomtungia. Mghoi akanishika mkono kwa nguvu. Ana miaka hamsini na kitu, mwanangu, ana mvi, na alinishika kama mtoto anayevushwa barabara.

"Mama," akaninong'oneza, "ndivyo alivyokuwa?"

"Karibu hivyo," nikasema.

Kisha wakapiga sehemu iliyofuata. Chumba cha kanda. Mwigizaji mmoja mzee, amevaa kofia safi kabisa, akapiga meza ngumi: "Futa! Nani ana haja na kelele za wasichana wa milimani?" Na msichana mwingine aliyevaa sketi ya kijivu akapiga magoti, analia, anamshika kanzu. Pembeni yangu Mghoi alikuwa anafuta machozi.

"Mungu amsamehe mzee yule," akasema. "Mimi nimejaribu nimeshindwa."

Wanawe Mzee Athmani wako hapa Voi. Mkubwa wao, Salim, ana duka la vitambaa ambako nilinunua kitambaa cha arusi ya Mghoi. Watakwenda kuitazama filamu hii, wamuone baba yao. Nikasimama. Nilisema kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo: "Simamisheni."

Nilimtoa Mghoi nje, tukakaa kwenye mataruma, yale magogo ya zamani ya kulazia reli, yaliyopangwa kando ya ukuta. Jua lilikuwa kali. Nikamwambia, "Mzee yule hakuamuru kitu. Aliniomba nisifute."

"Sasa ni nani alifuta?"

"Mimi."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. "Walikulazimisha?"

"La."

"Hukujua ni ya nani."

"Nilijua. Mstari wa nane."

Akauliza kwa nini, nami nikamweleza juu ya ile Ijumaa hadi Jumanne, mtoto analia, meneja ananifokea. Sikuwa nimefikiri maneno hayo yatamfikaje.

"Kwa hiyo ni sababu yangu," akasema.

"La, Mghoi! Si wewe. Ni hasira zangu."

"Nilikuwa nalia meno, wewe ukakosa kwenda kazini, ukaifuta sauti ya mamangu." Alisema polepole, kama anavyowasomea watoto shuleni. "Uliitazama kwanza, angalau? Kabla ya kuifuta?"

"Sikuitazama."

Hapo ndipo alipoinuka akaondoka. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Baraka aliibadilisha ile sehemu. Nilirudi nikamweleza mbele ya watu wake wote, na nashukuru hakunihurumia. Yule msichana wa sketi ya kijivu akaniuliza, "Nyanya, ulipoifuta ulilia?" Nikamwambia hapana. Niliangalia saa ya ukutani, kuona kama wakati wa chakula umefika. Aliigiza hivyo hivyo, na ikawa mbaya kutazama kuliko yale magoti na machozi yote.

Dukani kwa Salim nilienda mwenyewe. Alinisikiliza akiwa ameshika mkasi, kisha akasema, "Marehemu baba alikuwa akikutaja, Mama Wawuda. Alisema kulikuwa na kanda moja aliyoitilia sahihi ambayo ilimnyima raha mpaka uzeeni. Akijilaumu yeye." Akanipa kiti, akanipa maji. Sikujua mahali pa kuuweka uso wangu.

Mghoi alikaa wiki sita bila kuja. Alipokuja alileta maziwa na viazi vitamu, akauliza hali ya magoti yangu, na wakati wa kuaga akasema, "Haya, mama mdogo." Maisha yake yote alikuwa akiniita mama. Siwezi kumlaumu, mdogo wa mamake ndivyo nilivyo.

Mara ya pili alipokuja alikuja na daftari. "Ulisimama nyuma ya kamera," akasema. "Basi wewe ndiye uliyebaki na picha yake. Niambie ulichokiona. Alikuwa anatazama wapi? Mdomo wake ulikaaje akiimba? Niambie yote, niandike."

Nikafumba macho nimtafute dada yangu. Mwanangu, nilimwona yule msichana wa sinema. Uso wake, gita lake, vile alivyoinamisha kichwa kwenye televisheni yangu. Nikafumba tena, nikangoja, akaja yule yule. Nimejaribu asubuhi, nimejaribu kanisani. Miaka yote hii nilikuwa na Saru kichwani mwangu, mzima, na nilimfungia humo kwa sababu kila nikimtoa nilikuwa natoa na uongo wangu. Sasa nimeruhusiwa kumtoa, naye hayupo. Nimemfuta mara ya pili, na safari hii hakuna sumaku ya kusingizia. Mghoi aliifunga kalamu yake. Kwenye daftari alikuwa ameandika jina la mamake tu, juu ya ukurasa.

Kwa hiyo nasaha zangu si nyingi. Ukiwa na hasira na mtu wako, mkasirikie yeye, mbele yake, kwa mdomo. Mwenyewe atakujibu na mtapatana. Usiguse kitu chake ambacho hakina cha pili. Siku hizi kila mtu ana mashine ya kufuta mfukoni, nawaona mkigombana mkafuta picha za wenzenu kabla hata chai haijapoa. Subiri. Na ukishakosea, kubali siku hiyo hiyo. Usimtwishe mwingine, hasa yule aliyekufundisha kazi, hasa aliyekufa asiyeweza kufungua mdomo. Uongo wa kumtuliza mfiwa pale kaburini utakaa nyumbani kwako miaka hamsini na utakula pamoja nawe. Tena wale waliobaki na wewe, waambie habari za waliotangulia ungali unazikumbuka sawasawa, na uwaambie kweli, hata sehemu ambamo unaonekana mbaya, maana mara nyingi sehemu hiyo imeshikana na ile wanayoitafuta.

Nenda sasa, mwanangu, usije ukakuta giza njiani. Mungu wa baba zetu akulindie mikono yako isitangulie moyo. Akupe ndugu wa kugombana nao na siku za kutosha za kupatana. Na atakapokujia mtu akiwa na daftari, akuulize uso wa unayempenda ulikuwaje, Mungu akujalie uwe bado unauona.